Mwaka Niliokatazwa Kumtazama Kerubo

Kwa zaidi ya miaka hamsini nilijua jambo moja kuhusu macho yangu: si mazuri kwa watoto. Sikulijua kama mtu anavyojua uvumi wa sokoni, akausikia na kuutema. Nililijua kama ninavyojua ni goti lipi litauma mvua ikikaribia. Kwa hiyo mwaka jana, siku tuliyomzika mama mdogo kule Manga, Kemunto, mjukuu wake aliyekuja kutoka Nairobi, aliponisogezea kitoto chake cha kiume akisema, "Nyanya, nishikie nikanawe mikono," nilikipokea vile ninavyopokea watoto wote. Nilimlaza begani, uso wake mgongoni kwangu, wangu kwenye migomba. Watu walikuwa wameshakula na vijana walikuwa wanakunja hema. Kemunto aliporudi alisimama, mikono inadondosha maji. "Nyanya, mbona humwangalii? Ni kwa sababu ya hali yake?" Hali gani tena? Soksi ya mtoto ilikuwa imechomoka, na vidole vyangu vilikuwa vimeshika mguu wake. Nikapapasa bila kutazama. Kidole cha pili na cha tatu vilikuwa vimeungana kwa ngozi hadi karibu na kucha. Nikavipapasa tena, kwa sababu katika maisha yangu yote nilikuwa nimewahi kushika mguu kama ule mmoja tu. Miwili, tukihesabu vizuri, kwa maana mwenyewe alikuwa na miwili.

Aliyoniambia Kemunto yatafuata. Kwanza yangu, maana yangu yamesubiri zaidi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikatolewa kwetu Marani nikapelekwa Manga kuwa omoreri, yaani msichana wa kumbeba na kumlea mtoto mama yake akiwa shambani. Mtoto alikuwa Kerubo, binti wa mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Habari za kwetu na kwa nini niliyekwenda ni mimi, ziacheni. Siku hizo kila nyumba ilikuwa na msichana wa kutoa. Mume wa mama mdogo alifanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho na kuja mwisho wa mwezi. Mama mdogo mwenyewe alikuwa na chai yake kidogo kwenye mteremko, na kulipopambazuka tu alibeba kikapu mgongoni akaenda kuchuma, akaniachia mtoto, kibuyu cha maziwa na sufuria ya uji wa wimbi. Nyumba ilikuwa ya udongo na mabati, na dirisha moja la mbao lisilotosha kichwa cha mbuzi. Jiko lilikuwa kibanda cha nyasi pembeni, cheusi ndani kwa moshi wa miaka mingi. Ukitoka juani ukaingia mle, hata wewe mwenye macho mazima ulipapasa kwanza. Ng'ambo ya uwanja aliishi Magokoro, mama mkwe wa mama mdogo. Magokoro kwetu ni bibi tu, na sikumbuki mtu yeyote akimwita kwa jina jingine.

Kerubo alikuwa amepita miaka miwili, lakini uzito wake ulikuwa wa mtoto anayejifunza kukaa. Shingo ilikuwa legevu. Maziwa akinywa, nusu yalirudi. Hakusema neno hata moja, na kulikuwa na majirani waliokuja kumsalimia mama mdogo kumbe wamekuja kuhesabu vile vidole vya Kerubo vya miguu vilivyoungana. Mimi nilimpenda. Nalisema hivyo hivyo kwa sababu baadaye yalisemwa mengine. Nilikuwa peke yangu mchana kutwa juu ya ule mlima, mbali na kwetu, na yeye alikuwa peke yake pia, na tulielewana. Nje, kivulini chini ya migomba, aliniona vizuri. Nikitoa ulimi, alicheka. Nikipeleka kidole huku na huku, macho yake yalikifuata, polepole, lakini yalikifuata. Jua kali hakulitaka. Alifumba macho na kujikunja. Shida kubwa ilikuwa kumwingiza ndani. Ukivuka naye kizingiti alinyoosha mikono mbele kama aliyevikwa gunia kichwani, na kilio chake kilisikika mpaka kituo cha kununulia chai. Ukimtazama machoni wakati huo hakukutazama, alitazama mahali pasipo na kitu. Wakasema anaona mizimu ndani ya nyumba. Wengine wakasema mama yake alikanyaga kitu akiwa mjamzito.

Mimi niligundua dawa yangu, na niliigundua kwa uvivu, si kwa akili. Siku moja nilichoka, nikakaa naye mlangoni nimemfunika uso kwa leso jua lisimchome, nikamwimbia mpaka nyimbo zikaniisha. Nilipoingia naye ndani hakulia. Alitulia, akageuza kichwa, akamwona paka. Kesho yake nikafanya vilevile, na hakulia. Nikadhani labda anaiogopa nyumba, basi kila siku nilikaa naye pale kizingitini, leso usoni, nikimtambulisha upya: humu ndani kuna mafiga, kuna kinu, kuna paka, na yule unayemsikia akikohoa ni Magokoro, usimjali. Tulichukua muda mrefu. Ndipo tukaingia, naye akaona. Niliona fahari sana. Nilimngoja mama mdogo jioni nimwonyeshe, na alipoona mtoto wake ametulia jikoni anautazama moto, alikaa chini na kikapu chake bado mgongoni. Alisema, "Moraa, Mungu amekuleta." Usiku huo tulikula obokima, ugali wa wimbi, kwa mboga ya chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa, na akanikatia kipande kikubwa kuliko chake.

Kisha vipele vikaanza. Vilitoka mikononi na usoni, vyekundu, ngozi ikavimba. Magokoro alimkagua mtoto kwa kidole gumba, kama mtu anayetafuta mwiba, akatamka neno moja, ebibiriria. Wasio wa kwetu niwaeleze. Tunaamini, na wanaosema tuliamini zamani waende wakaulize vizuri, kwamba kuna watu, zaidi wanawake, ambao jicho lao likimwangukia mtoto mwenye ngozi laini, vitu vidogo vidogo vinamwingia ngozini: chembe ya mchanga, unyasi, unywele. Mwenye jicho hilo si mchawi. Huenda anampenda mtoto. Hakulitafuta na mara nyingine hata hajui analo. Amelirithi kwa mama yake kama alivyorithi pua. Dawa yake ni siagi ya ng'ombe. Magokoro alikuwa na kibuyu chake kidogo cha siagi ya kazi hiyo. Alimvua mtoto nguo zote, akachukua donge, akalizungusha juu ya ngozi, tumboni, mgongoni, mikononi, akibonyeza taratibu, kisha akalipasua donge mbele ya mlango penye mwanga. "Tazama. Unyasi huu. Na hii je, si nywele?" Na kweli zilikuwemo. Mtoto anayelazwa chini kwenye migomba atakosaje unyasi? Lakini wakati ule nami niliuona unyasi na nikaogopa kama wengine.

Yaliyofuata niliyasikia mwenyewe. Mchana mmoja mvua ya mawe ilinikuta nikitoka kisimani, nikajibanza chini ya paa la ghala la Magokoro na mtungi wangu. Mvua za kwetu hukatika ghafla, na ile ilipokatika, sauti zao zilikuwa pale pale upande wa pili wa ukuta. Magokoro alikuwa akisema, "Akishinda ndani na mimi hana kitu. Akitoka na huyo msichana anarudi na vipele. Wewe unaona nini?"

"Labda ni joto, mama," mama mdogo akasema.

"Joto linachagua? Watoto wa hapa wanacheza juani mpaka wanachoka, umeona nani ana vipele? Jicho halioti shambani kama managu. Mtu hulitoa kwao. Na huyo msichana ni mtoto wa dada yako."

Hata mimi mtoto nilielewa swali lilikuwa limeelekea wapi. Ikiwa jicho liko kwangu, liko kwa mama yangu. Ikiwa liko kwa mama yangu, liko kwa dada yake. Na ikiwa liko kwa dada yake, basi mama mdogo mwenyewe amemtazama mtoto wa ukoo huu tangu siku aliyomzaa, na mumewe wa Kericho atatafutiwa mke mwingine. Nikamngoja mama mdogo acheke. Alikuwa na kicheko cha kumaliza maneno. Badala yake akasema, polepole, "Si dada yangu wa tumbo moja. Baba alikuwa na wake wawili. Mama yake Moraa ni wa ile nyumba nyingine."

Babu yangu alioa mke mmoja, Msabato wa kwanza kwenye kijiji chake, na mama yangu na mama mdogo walinyonya titi moja, walilala ngozi moja, walikuwa na sauti moja hata kwenye simu watu waliwachanganya. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Siku ile nilisimama na mtungi wa maji kichwani nikasikia damu ikikataliwa kwa sentensi tatu. Niliumia, na sitatafuta neno la kuupamba uchungu huo. Watu huniambia nimweke mahali pake nimwelewe, na nimemwelewa, alikuwa mke kijana mwenye mtoto mgonjwa na mama mkwe ng'ambo ya uwanja. Kumwelewa mtu hakukuondolei uchungu.

Hawakunirudisha kwetu, maana chai ilikuwa imekomaa na hakuna mwingine wa kumbeba Kerubo. Niliwekewa sharti tu. Nimbebe mgongoni, nimfunge vizuri, nisimtazame usoni. Kumlisha atalishwa na mama yake au Magokoro. Kukaa kwetu mlangoni kukaisha, kwa sababu huwezi kumfunika mtoto uso na kumwimbia ukiwa umempa kisogo, na kilio cha kizingitini kikarudi. Hicho nacho kikahesabiwa kuwa cha jicho. Kuanzia hapo nilimjua Kerubo kwa mgongo. Nilijua pumzi yake ikiwa na kamasi na ikiwa safi, nilijua anapolala kabla kichwa hakijaniangukia. Nikitaka aone ng'ombe, nilimpa ng'ombe mgongo. Nikitaka aone watu wakishuka kwenda soko, nilisimama nikautazama ukuta wa nyumba ili yeye aone barabara. Akicheka nyuma yangu, sikujua amechekea nini. Niliuliza kwa sauti, "Umeona nini, wewe?" na bila shaka hakunijibu. Nilizungumza hivyo mchana kutwa, na jioni watu wakubwa waliporudi nilinyamaza, nikala nimeegemea ghala.

Siku ya Sabato ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Chakula kilipikwa Ijumaa, hakuna kazi ya kukusaidia kupoteza saa, na ilibidi niende kanisani kama mtu. Habari zilikuwa zimenitangulia; lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Nikipita katikati ya viti, akina mama walivuta leso juu ya nyuso za watoto wao, taratibu, kwa adabu, kama wanaofukuza nzi. Mzee wa kanisa alihubiri kwamba Mkristo haogopi jicho la mwanadamu, akahubiri vizuri na kwa ukali, na mkewe, kwenye kiti cha mbele, alikuwa amemfunika mtoto wake mpaka miguu. Nilikaa karibu na mlango. Hakuna aliyewahi kunitukana, na ukiniuliza, ningependa wangenitukana. Mtu akikutukana, angalau amekutazama.

Kuna jambo nililoliona kwa pembe ya jicho, na sheria au si sheria, niliona. Magokoro alikuwa amemaliza kazi yake ya siagi na kwenda kulitupa donge migombani. Kerubo alilazwa kwenye ngozi, anang'aa mwili mzima. Mtoto yule hakuwahi kutaka chakula; kijiko kilimfuata, hakukifuata yeye. Lakini pale aliinua mkono wake, akaupeleka mdomoni, akaanza kuunyonya kuanzia kifundo mpaka kiwiko, amefumba macho, anavuta pumzi kwa pua kwa haraka ya kula. Akamaliza mkono mmoja, akatafuta mwingine. Mama mdogo alikuwa mlangoni, naye aliona. Magokoro aliporudi aliutoa mkono ule mdomoni. "Mama, anaitaka," mama mdogo alisema. "Tumwekee kidogo kwenye uji." Magokoro hakukasirika. Alikuwa akimfundisha mke wa mwanawe kitu ambacho naye alifundishwa. "Siagi ya kutolea jicho haiingii mdomoni. Unataka ale vitu alivyotiwa na jicho?" Akaleta maji ya moto akamfuta mikono, akafuta vizuri, katikati ya vidole, mpaka ngozi ikakauka.

Baridi ya katikati ya mwaka ilipokuja na ukungu ukakaa Manga mpaka saa nne, Kerubo alishikwa na kikohozi. Nilimsikia kabla ya wengine, kwa sababu kilianzia mgongoni kwangu. Nilisema, wakasema wameshasikia. Wakaniambia nikalale kwa Magokoro ghalani na mtoto abaki na mama yake. Baba yake alikuja kutoka Kericho, wakampeleka hospitali wamemfunika blanketi, na mchana wakarudi wakiwa wamemfunika vilevile, na nikajua kwa jinsi mama mdogo alivyotembea. Watu walijaa uwanjani. Nilipita katikati yao, wakanipisha zaidi ya inavyohitajika, nikamkuta mama mdogo kwenye mlango ule ule niliokuwa nikikaa na mtoto. "Naomba nimwone," nikamwambia. Aliinua macho. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa amechoka kama mtu aliyetoka mbali. Akasema, "Umeshamwona vya kutosha, Moraa."

Nilirudi Marani nikiwa na nguo zangu kwenye kikapu. Mama yangu aliuliza dada yake alisemaje, nikamwambia hakusema kitu. Sikuwahi kumwambia zaidi, na yeye alikufa akijua ana dada. Mimi na mama mdogo tulikutana kwenye harusi na matanga miaka yote hiyo. Alinishika mkono na kuushikilia muda mrefu, akaniuliza habari za mvua na mahindi, nami nikamjibu habari za mvua na mahindi. Nikaolewa, nikazaa watoto wanne. Wote wanne walinyonya mimi nikitazama ukuta. Mume wangu alidhani nimechoka. Kifungua mimba wangu, Ombati, alikuwa akinishika kidevu kwa kiganja chake akinyonya, anakivuta kukigeuza, nami nakirudisha. Alifanya hivyo miezi mingi kabla hajaacha. Walipoanza kutembea nilizoea kuzungumza nao huku nafanya kazi, na nyumba yangu ilikuwa na kazi siku zote.

Sasa Kemunto. Alivuta kiti cha plastiki akakaa mbele yangu, mtoto bado begani kwangu, akanieleza kwa uvumilivu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Mwili wa mtoto wake hautengenezi mafuta fulani ya kutosha, yanaitwa kolesteroli. Sisi wazee tunaambiwa tuyaogope, lakini mtoto anajengwa nayo, kuanzia tumboni: ubongo, vidole, macho. "Walimpima macho, nyanya. Walimweka gizani kwanza, muda mrefu, halafu wakambandika nyaya ndogo kando ya jicho, wakawasha mwanga, pa. Mashine inachora jinsi jicho linavyojibu. Kuna utando kule nyuma ndani ya jicho ambao unapokea mwanga. Wake unajibu, lakini kidogo, na unachelewa. Hasa kwenye giza."

"Akitoka nje akaingia ndani, haoni," nikasema.

"Anachukua muda. Ukimpa muda, anaona." Akanitazama. "Umejuaje?"

Nikamwuliza kuhusu vipele. "Ni jua, nyanya. Ngozi yao haivumilii jua hata kidogo. Hilo ndilo swali la kwanza daktari aliuliza." Nikamwuliza wanampa dawa gani. Akasema wanampa kolesteroli yenyewe ya unga, na kiini cha yai, na siagi kwenye kila kitu. Hawasemi itamponya, alisema, wengine inawasaidia na wengine haionekani. Lakini anaongeza uzito. Nikauliza inatoka wapi. "Kwa baba na kwa mama, pande zote mbili. Upande mmoja peke yake hauwezi." Kwa hiyo Magokoro, Mungu amrehemu, naye huenda alileta nusu yake, na mama mdogo alimkana dada yake bure. Mwishowe nikauliza nililotaka kuuliza tangu mwanzo. "Na jicho la mtu? Mtu akimtazama?" Kemunto akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. "Jicho la mtu gani, nyanya?" Nikamrudishia mtoto wake. Ningependa kusema kwamba nilimgeuza nikamtazama. Sikumtazama, miaka hamsini haitoki kwa mazungumzo ya kiti kimoja. Nilimpa mkononi, nikamwomba maji ya kunywa.

Ombati ndiye aliyekuja kunichukua na gari, akalala kwangu Marani. Ana mvi sasa, na watoto wake wako sekondari. Asubuhi nilimwandalia chai na ndizi za kuchemsha, akaketi palepale anapoketi, pembeni. Nikamwambia ahame akae karibu na dirisha. Akahama. Nikavuta kigoda mbele yake nikakaa bila kitu mikononi. Alikunywa kidogo, akaweka kikombe chini. "Mama, kuna nini?"

"Hakuna. Kunywa chai yako."

"Unaniangalia."

"Ndiyo."

Alidhani ni mambo ya msiba, akaniacha. Aligeukia dirisha, mwanga ukamwingia usoni wote, nami nikasogea. Ana paji la baba yake. Nyusi ni za kwetu. Katika jicho la kushoto, kando ya mboni, nikaona doa dogo la kahawia, mviringo kabisa, na nikashtuka, nikamshika kidevu nikamgeuza vizuri kwenye mwanga. "Hilo doa umelitoa wapi? Umeumia?"

"Lipi, la jichoni?" Kidevu chake kilikuwa bado mkononi mwangu. "Mama, nilizaliwa nalo."